Safari ya Kumtia Moyo Vero

Wenzangu wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu, kwa sababu uji wa wanachuo wa Butimba haujikorogi wenyewe. Sasa naandika mara moja. Msomeane, halafu mniache nipumue.

Kwa wale waliojiunga na kwaya juzijuzi na wanasikia tu jina: Vero ni mdogo wetu wa mwisho. Wazazi wetu walipofariki mimi nilikuwa darasa la nne. Niliacha shule nikawa baba na mama wa nyumba, na kwa maelezo ya wadogo zangu nikawa pia polisi. Vero ndiye aliyekuwa na kichwa. Alikwenda kusomea uuguzi na ukunga katika hospitali moja ya misheni nje ya mji wetu wa Mwanza. Kwenye daftari alikuwa hashikiki. Kwenye mtihani wa vitendo, mbele ya wasimamizi, mikono ilimtetemeka, akafeli. Akarudia. Mara ya pili ilimtetemeka mpaka beseni likaanguka, akafeli tena. Hakurudi nyumbani. Alikimbilia Ukerewe kwa shangazi yetu, akatuma ujumbe kwa kinywa cha mchuuzi wa machungwa: mwambie dada asinitafute.

Wiki hiyohiyo Sista anayesimamia chuo aliniita. Alisema kuna mtihani mmoja wa mwisho, Jumatatu ya wiki inayofuata. Vero akija ataufanya. Asipokuja, kitanda chake anapewa mwingine.

Ndipo nilipoamua kumfuata, nanyi mkaja kuniaga. Mliniaga vizuri sana. Hakuna aliyeleta hata kiazi, lakini kila mmoja alinipa aya ya kumpelekea Vero. Nilipofika Igoma nilikuwa na aya za kutosha kufungua kigango.

Mkolani hadi Kisesa

Nilitoka Jumatano asubuhi na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kuku jike mwekundu wa kumpelekea shangazi, na hotuba. Hotuba niliitunga mwenyewe huku nikikoroga uji. Ilikuwa na sehemu ya kuonya, sehemu ya kufariji na sehemu ya kulia. Ile ya kulia niliifanyia mazoezi mbele ya sufuria, na sufuria iliguswa.

Meli ya Nansio ilikuwa imesimama. Bandarini kila mtu alijua sababu, na kila mtu alikuwa na yake: mmoja alisema mafuta, wa pili kipuri, wa tatu akasema nahodha ana msiba. Nikaona nizunguke kwa barabara, Magu, Bunda, hadi Kisorya, kisha nivuke maji. Kwenye ramani ya ukutani pale shuleni, enzi zangu, safari hiyo haikuzidi kidole.

Basi lilinifikisha Kisesa likafia hapo, kwa heshima zote, mbele ya duka la ushirika. Dukani hapakuwa na kitu ila mizani na picha ukutani. Nje palikuwa na foleni ndefu ya akina mama. Nikamuuliza wa mwisho wanangoja nini.

“Bado hatujajua, dada,” alinijibu. “Tumewahi nafasi.”

Padre wetu huhubiri imani kwa saa nzima hadi watoto wanalala. Yule mama aliimaliza kwa maneno mawili, tena akiwa amesimama juani. Nilitamani nijiunge na foleni ile, lakini lori la mbegu za pamba likatokea, linakwenda Bunda, na dereva akasema juu ya magunia nafasi ipo. Ilikuwepo kweli, kwa mtu ambaye hahitaji miguu.

Juu ya mbegu za pamba

Katikati ya magunia alikaa mama mmoja mnene, kanga mbili mabegani, debe limebanwa katikati ya magoti yake kama mtoto anayetaka kutoroka. Alimtazama kuku wangu kabla hajanitazama mimi.

“Wewe mwenye kuku, mtu wa wapi?”

“Kisesa kwa kuzaliwa, Mkolani kwa kuishi.”

“Msukuma?”

“Ndiyo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Haya, nipe kuku wangu.”

Nilijua papo hapo nimekwisha. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu mababu. Mtani akikukuta na kitu akakitamani, anakichukua, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Hata msibani ni hivyohivyo: wengine wanalia, mtani anaingia na kuigiza jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Nimekulia ndani ya mila hiyo na nimeicheka sana, ila siku zote kuku alikuwa wa mtu mwingine.

“Na mimi nataka hicho kilichomo kwenye debe,” nilisema, maana haki ni ya pande mbili.

“Asali? Chukua, mtumwa wangu, chukua yote. Ila debe limezibwa, na kisu kiko Tabora.”

Watu wote juu ya lori walicheka, na kuku akahamia kwapani kwake. Alijulikana kwa jina la Mama Nyamizi, mjane wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa akienda Ukerewe kumwona binti yake aliyejifungua.

Tulipovuka daraja la Simiyu lori lilitoa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo baya, likasimama. Dereva aliingia chini yake na nyundo. Tuliisikia nyundo kwa muda, kisha tukasikia anakoroma. Ilipofika adhuhuri ya siku ya pili, Mama Nyamizi alisimama akatangaza kwamba abiria wake hawawezi kufa njaa wakati kuku anatazama. Yeye ni Mwislamu, akamtafuta mtu wa kuchinja kwa utaratibu, akampata utingo. Kuku wa shangazi akachemshwa kando ya barabara katika debe la kuwekea maji ya injini, akaliwa na michembe yangu. Kwa hiyo chakula chote kilikuwa changu, na shukrani zote zilikuwa zake. Mzee mmoja alimbariki mpaka nikaona haya.

Tukiwa tunanyonya mifupa aliniuliza ninakwenda kufanya nini Ukerewe. Nikamweleza habari za Vero. Kisha, kwa kuwa lori halikuwa na haraka, nikamsomea hotuba yote, pamoja na ile sehemu ya kulia. Alisikiliza kwa adabu huku akichokonoa meno.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Huyo mdogo wako amekufa?”

“Hajafa, mama! Anamenya mihogo.”

“Mbona unamsomea kama yuko ndani ya jeneza?”

Nilimhesabia kuwa ni mtu asiyejua Maandiko.

Kizuizini Lamadi

Siku hizi za kuwasaka walanguzi mnazijua. Barabara ina vizuizi vingi kuliko magari ya kuzuia. Lori lilipokubali kuamka tena, pale Lamadi tulisimamishwa na mgambo kijana aliyeshika rungu na uso wa mtu aliyeahidiwa cheo. Alipekua magunia ya mbegu mpaka akapiga chafya, kisha akalifikia debe.

“Hii nini?”

“Asali,” alisema Mama Nyamizi.

“Una kibali?”

“Mwanangu, nyuki hawajui kuandika.”

“Mama, usinitanie. Naweza kuitaifisha hii.”

“Taifisha. Halafu uende Ukerewe ukamweleze mjukuu wangu mchanga kwamba bibi amekuja mikono mitupu, asali yake inajenga taifa.”

Mgambo alisema ni lazima ahakikishe kwamba ni asali kweli wala si dizeli. Alitoa kisu, akafungua debe, akachovya kidole. Hakuhakikisha vizuri. Akachovya tena. Alipokuwa anajiandaa kuhakikisha mara ya tatu, Mama Nyamizi alimpiga mkononi kama mtoto wa nyumbani, na yeye, kwa mshangao wa wote, akasema, “Samahani, mama.” Kizuizi kikafunguka. Mimi niliona debe liko wazi, nikaingiza mkono mzima. Mama Nyamizi alinitazama, akatikisa kichwa.

“Sasa naona una akili,” alisema. “Nilidhani una aya tu.”

Kisorya, na maji yaliyobaki

Kutoka Bunda tulipata trekta, kutoka trekta tukapata miguu yetu. Kivuko cha Kisorya kilikuwa upande wa pili na hakikuonyesha nia ya kurudi. Tukavuka kwa mtumbwi. Mpiga kasia mmoja, Mjita mwenye mikono kama mizizi, alituambia tusali kimoyomoyo, kwa sababu wanaosali kwa sauti ndio wa kwanza kutapika, na yeye ndiye mwenye kuosha mtumbwi. Nilijitahidi kusali kimoyomoyo. Katikati ya maji upepo ulituinua, nikasikia sauti ikiita watakatifu mmoja mmoja kwa majina yao, na ilikuwa yangu.

“Dada,” alisema mpiga kasia, “wote hao hawatoshi humu ndani.”

Ng'ambo walituuzia kipande cha sangara cha kuchoma. Bado wako wanaosema samaki huyu mgeni ananuka na anamaliza furu wetu wadogo wa asili. Ni kweli ananuka. Nilikula mpaka ngozi.

Kwa shangazi

Tulifika Ijumaa jioni, wote wawili, maana kwa binti yake Mama Nyamizi kulikuwa ndani zaidi na gari hakuna. Shangazi alitupokea kwa vigelegele, akatafuta kuku kwenye kikapu changu kwa macho, akakuta makombo ya michembe. Nikamtazama Mama Nyamizi. Mama Nyamizi akaitazama dari.

Vero alikuwa uani, anamenya mihogo. Alipiga goti, “Shikamoo, dada,” akaniuliza hali za nyumbani, akaniuliza hata hali ya paka. Alikuwa amekonda. Kesho yake asubuhi, baada ya uji usio na sukari, nilimkalisha juu ya kigoda nikaitoa hotuba.

Nilianza kwa kuonya. “Amina,” alisema Vero.

Nikafariji, nikamwaga aya zote mlizonipa, nikataja na majina ya waliozituma. “Amina.”

Nikalia. “Amina, dada. Usilie.”

Kisha akachukua kisu akarudi kwenye mihogo. Mnajua mlango wa bati unavyofungwa taratibu usiku ili mtoto asiamke? Amina zake zilikuwa hivyo. Shangazi akanishika bega. “Umefanya vizuri, mwanangu,” alisema. “Sasa tumwachie Mungu.” Tunajua sote maana ya maneno hayo tukiyasema: kazi imetushinda, sasa lawama achukue anayeweza.

Mama Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni muda wote huo akinyoosha miguu. Akainuka. Akafunga kanga kichwani kwa mtindo wa kofia ya nesi, akachagua muhogo mnene kuliko yote, akauviringisha kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akaweka beseni la maji juu ya kinu.

“Mtihani!” alipaza sauti. “Wasimamizi, kaeni!”

Alitusukuma mimi na shangazi kwenye kigogo. Kisha akaanza kutetemeka. Alianza na vidole, vikaja viwiko, kisha mwili wote na ukubwa wake, mpaka kanga ya kichwani ikamshuka machoni. Beseni likaruka. Muhogo ukaruka. Muhogo ukatua kwenye kigae cha maji ya kuku.

“Pole, mama mzazi,” alisema Mama Nyamizi kwa sauti ya kizungu kidogo. “Mtoto wako ameshajua kuogelea.”

Shangazi, ambaye ameolewa Ukerewe miaka mingi mpaka amesahau watani wake, alishika mdomo. “Huyu mwanamke ana wazimu! Anamcheka mtoto wa watu penye kidonda!” Akataka kuamka amtoe uani kwa ufagio. Nilimshika kanga nikamrudisha chini, ingawa hata mimi niliogopa, kwa sababu Vero alikuwa ameweka kisu chini na kusimama.

“Mama, unanicheka?”

“Ndiyo.”

“Nimefeli mara mbili, na wewe unanicheka?”

“Mara mbili tu? Petro wenu alimkana Bwana wake mara tatu, usiku mmoja, mbele ya mjakazi, na bado mkamwachia funguo za mbinguni. Usinitazame hivyo, mimi nimesoma kwa masista Tabora, Petro namjua vizuri. Wewe kwa beseni moja umejinyima hata ufunguo wa stoo! Na nisipokucheka mimi mtani wako, nani akucheke? Hawa? Hawa wanakuogopa. Wanakusemea kwa kunong'ona kama umekufa.”

Kuku mmoja alikuja akaudonoa muhogo. Nilimtazama Vero mdomoni. Upande mmoja wa mdomo ulitaka kulia, upande mwingine ukawa unafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu alipoangusha lile beseni.

“Kwanza,” alisema, “ulimshika vibaya. Hakuna anayemshika mtoto shingoni kama kuku.”

“Nifundishe basi, nesi uliyefeli.”

“Lala hapo.”

Mama Nyamizi akalala mkekani akaanza kupiga kelele za uzazi zilizoleta majirani. Vero akanawa mikono mpaka viwikoni, akapiga magoti. Pamoja na kelele zote zile, na matusi yote yale (“Nesi gani huyu, mikono baridi kama sangara!”), alifanya kila hatua kwa mpangilio, akielezea, akimkemea mzazi wake avute pumzi aache maneno, akapokea muhogo, akaufuta, akaukagua, akamkabidhi mama yake. Majirani walipiga makofi. Mzee mmoja aliuliza ni wa kike au wa kiume.

Mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa. Sikusema lolote. Naamini hiyo ndiyo hotuba niliyoitoa vizuri kuliko zote.

Alasiri, majirani walipoondoka na mtoto ameingia chunguni, Vero alikuja akakaa karibu yangu.

“Dada, asubuhi uliniambia nitafaulu kwa sababu Mungu yupo.”

“Ndiyo.”

“Nikifeli je? Hayupo?”

Wenzangu, nilitafuta katika aya zenu zote, na zangu, nikakuta zote zinaishia kwenye kufaulu. Hakuna hata mmoja wenu aliyenipa ya siku ya kufeli. Ikabidi nijibu kwa kichwa changu cha darasa la nne.

“Yupo,” nilisema. “Nilipoacha shule nilimwomba anirudishe darasani. Hakunirudisha mpaka leo. Nilikasirika naye sana. Lakini kila alfajiri nilipoamka kuwapikia, sikuwahi kuamka peke yangu. Sijui kukueleza zaidi ya hapo. Kufaulu sikuahidi. Nakuambia tu kwamba ukirudi kule, hutakuwa peke yako, hata ukiangusha mabeseni yote ya hospitali.”

“Mbona hiyo hukuisema asubuhi?”

“Haikuwa na aya.”

Alicheka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mfuko wake. Alinipa sharti moja: nikimhubiria njiani hata mara moja, anageuka.

Mama Nyamizi alituaga kwa kumpa Vero chupa ya asali. Mtani akikucheka sana, mwishoni hukupa kitu. Akamwambia, “Ukifaulu nitakuja unizalishe. Ukifeli nitakuja vilevile, nikucheke upya.” Mimi hakunipa kitu. Alisema kuku hakuwa mnono.

Kurudi, pamoja na katekista

Jumapili alfajiri tulivuka bila mawimbi, na ng'ambo tukakuta baraka: katekista mmoja na pikapu ya misheni, anakwenda Mwanza. Alitupakia mbele kabisa. Aliposikia habari ya mtihani wa kesho yake alifurahi, akaanza kutufundisha uvumilivu. Alitufundisha tangu Kisorya. Alitufundisha Bunda, akatufundisha Ndabaka huku nyumbu wakitusikiliza. Vero alinibana ubavu kwa kiwiko, maana sharti lake lilinihusu mimi tu. Uvumilivu wote tuliokuwa nao tulikuwa tunautumia kwa katekista.

Tulipoingia Magu alitazama saa, akasimamisha gari, akazima injini.

“Saa nane,” alisema. “Jumapili magari binafsi mwisho saa nane. Sheria ya kuokoa mafuta.”

“Lakini katekista, mtihani wa huyu ni kesho asubuhi!”

“Dada yangu, usiogope. Bwana atafanya njia.”

“Njia ipo, katekista. Tuko juu yake. Tunachoomba ni gari.”

Alihuzunika kwa ajili yangu, akaahidi kutuombea, akaenda kulala kwa rafiki yake. Sheria ni sheria, wala simlaumu. Nasema tu kwamba mtu aliyetufundisha kutokata tamaa kwa nusu siku nzima alikata safari yetu bila hata kushusha sauti.

Tulitembea. Tulipochoka tulilazwa na mama mmoja aliyetupa ugali wa mtama na mlenda bila kutuuliza dini wala kabila. Asubuhi tulitembea tena, hadi mkokoteni wa ng'ombe, na kutoka mkokoteni hadi gari la maziwa lililotupokea Kisesa. Foleni ilikuwa bado iko pale. Sikuuliza.

Getini

Tulifika hospitalini jua likiwa limepita utosini. Wanafunzi walikuwa wametawanyika chini ya miti kwa makundi, wanaulizana majibu. Nilielewa kabla hatujaambiwa.

Sista alitoka kwenye baraza, akamtazama Vero vumbi lake kuanzia miguuni.

“Mtihani umekwisha, Veronika. Wasimamizi wameondoka.”

“Mwingine lini, Sista?”

“Labda mwakani. Sikuahidi. Nafasi zinapangwa na wengine.”

“Na kitanda changu?”

“Kimepata mtu. Niliwaambia mapema.”

Hapo ndipo nilipolia, na safari hii sikuwa nimefanya mazoezi. Kuku ameliwa, maji yamevukwa, miguu imechubuka, na tumechelewa kwa asubuhi moja. Nilikamata mkono wa Vero ili nimwongoze twende nyumbani, nikijua hatakanyaga hospitali tena maisha yake yote. Sikumlaumu. Sikuwa na aya, wala maneno ya jikoni hayakuwa yamebaki.

Mkono wake ulijitoa kwenye wangu, polepole.

“Sista,” alisema, “siku hizi mashuka ya wodi ya wazazi yanafuliwa wapi?”

Sista alionyesha kwa kidole. “Palepale nyuma. Lakini hatuna mfuaji wala sabuni.”

“Majivu yapo?”

“Yapo.”

“Basi nitafua. Nitalala kwenye stoo ya kuni. Akipatikana mama anayejifungua na mikono haitoshi, mniite nishike taa. Mwakani mkipanga majina, nitakuwa hapahapa, hamtahitaji kunitafuta Ukerewe.”

Sista akasogea pembeni ya mlango. Vero alivua viatu akanipa mfuko niushike, akatoa nguo zake na ile chupa ya asali, akaniachia mfuko mtupu. Akaniambia niende, wanachuo wangu wamekaa na njaa tangu Jumatano. Nilipofika getini niligeuka. Alikuwa tayari kwenye karo, amepandisha mikono ya gauni, anabishana na mwanafunzi mmoja aliyetoka kufanya mtihani kuhusu namna ya kuondoa doa la damu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mliokuwa mnangoja ushuhuda wa kusimama nao Jumapili na kupigiwa vigelegele, poleni: Vero hajafaulu. Na nimewasikia wanaosema amefeli mara ya tatu. Wasahihisheni kwa upole, ya tatu bado hajaifanya. Hata akiifanya akaanguka, namjua sasa, atauliza tena mashuka yako wapi.

Najua mtataka kumwombea. Ombeni sana, mimi pia naomba kila siku. Lakini yeyote mwenye kipande cha sabuni amekificha chini ya kitanda asikiombee. Akilete kwangu. Jumamosi nakwenda kule.